Kuchagua pesti ya prosesa kwa kompyuta inayofanya kazi Mwanza

Kompyuta nyingi za mezani zilizoko kwenye steshenari, ofisi na shule za Mwanza ni za mtumba: Dell OptiPlex, HP za ofisini, Lenovo ThinkCentre. Zimefanya kazi ughaibuni kwa miaka mitano au kumi, zikashushwa Dar es Salaam, zikapakiwa kuja huku, na muda wote huo pesti ya kupitisha joto, iliyo kati ya prosesa na hitisinki (kile chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa), ni ileile iliyopakwa kiwandani. Ukiifungua unakuta ukoko wa kijivu unaobanduka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Feni inavuma tangu asubuhi, ikifika saa nane mchana mashine inakuwa nzito, na siku nyingine inajizima katikati ya kazi ya mteja.

Dawa yake ni rahisi kupatikana na kinachohitajika ni kidogo mno, hata gramu moja haifiki. Tatizo liko kwenye kuchagua. Mtu anaingia dukani akiwa hajui anachotafuta, anatoka na sirinji ya rangi ya dhahabu kwa sababu inang'aa, au anatoka na gundi akidhani ni pesti.

Pesti inafanya nini hasa

Uso wa prosesa na uso wa hitisinki, hata ving'ae vipi, vina mabonde na mikwaruzo ambayo macho hayaioni. Vikikutanishwa vikavu vinagusana sehemu chache, kwingine kote kunajaa hewa. Uwezo wa kitu kupitisha joto hupimwa kwa W/mK, na namba kubwa ndiyo bora. Hewa ina takriban 0.026 W/mK. Shaba inafika karibu 400. Pesti nyingi zinazouzwa ziko kati ya 1 na 14. Hapo utaona kwamba pesti, ukiilinganisha na shaba, ni kipitisha joto dhaifu sana. Inawekwa ili kuifukuza hewa tu. Ikizidi unene, inageuka blanketi.

Tufanye hesabu, maana hesabu hii ndiyo inayookoa pesa. Chukua prosesa ya deskitopu ya wati 65, kifuniko chake cha chuma kina sentimita 3 kwa 3, na tabaka la pesti lina unene wa milimita 0.05. Pesti ya 1 W/mK itaongeza joto la takriban nyuzi 3.6 kati ya prosesa na hitisinki. Pesti ya 4 itaongeza nyuzi 0.9. Pesti ya 8 itaongeza nyuzi 0.45. Yaani kutoka pesti ya kawaida kwenda ya bei kubwa umeokoa nusu nyuzi. Kwenye mashine halisi joto halisambai sawasawa juu ya kifuniko chote, hivyo tofauti inaweza kufika nyuzi mbili au tatu, lakini haiwi kumi.

Sasa chukua ile pesti ya 1, iache iwe nene milimita 0.3 kwa sababu mtu kaipaka kama siagi kwenye mkate. Joto linaongezeka kwa zaidi ya nyuzi 21. Kwa hiyo unene na mkandamizo vina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye sirinji.

Kwenye laptopu mambo ni tofauti, na hapa ndipo watu wanapokosea kwa kudhani pesti ni pesti. Prosesa ya laptopu haina kile kifuniko cha chuma. Hitisinki inakaa moja kwa moja juu ya kile kipande cha silikoni kinachong'aa kama kioo, ambacho eneo lake linaweza kuwa sentimita moja ya mraba au zaidi kidogo. Kwa wati 35 zinazopita kwenye sentimita moja ya mraba, unene uleule wa milimita 0.05, pesti ya 1 inaongeza nyuzi 17.5, ya 4 inaongeza nyuzi 4.4, ya 8 inaongeza nyuzi 2.2. Deskitopu inasamehe pesti ya bei nafuu, laptopu haisamehi.

Ziwa, bati na mwinuko

Jiji la Mwanza liko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, hivyo feni inayozunguka kwa kasi ileile inabeba joto pungufu kidogo. Juu ya hapo kuna chumba chenyewe: fremu ya bati isiyo na dari pale Igoma au Buzuruga, saa nane mchana, inapita nyuzi 30 bila shida. Vipimo vingi vinavyotangazwa mtandaoni hufanyika kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka karibu vilevile kwenye prosesa, na hakuna pesti inayoweza kuiondoa.

Halafu kuna vumbi la kiangazi, Juni hadi Agosti, na kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama wingu la moshi. Usiku wanafuata taa. Ofisi ya Kirumba au Igombe inayofanya kazi usiku na dirisha wazi, feni ya kompyuta inawavuta ndani, wanakwama kwenye mapezi ya hitisinki, wanachanganyika na vumbi na kuwa kama kitambaa kilichoziba njia ya hewa. Kabla hujanunua pesti yoyote, mulika tochi kati ya feni na hitisinki. Ukiona kitambaa hicho, anza na blowa. Shika mapanga ya feni kwa kidole wakati unapuliza, yasizungushwe kwa kasi kupita uwezo wake. Mara nyingi hilo peke yake linashusha joto kuliko pesti mpya.

Vilivyopo sokoni

Grisi nyeupe ya transista, ile wanayotumia mafundi wa redio na amplifaya, ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na oksaidi ya zinki. Kipimo chake hukaa chini kidogo ya 1 au hapo hapo. Kwa kompyuta ndogo ya ofisini ya wati 35 inaweza kukuvusha hadi pesti yako ifike, lakini mafuta yake hujitenga na kutambaa, na unga unaobaki unakauka. Usiifanye kuwa suluhisho la kudumu.

Pesti za kijivu za bei ya chini, kama HY510, hutangazwa kuwa na 1.93 W/mK. GD900, ambayo nayo ni ya bei ya chini, hutangazwa kuwa na 4.8. Hata ukiipunguza namba hiyo kwa sababu namba za matangazo hupenda kupanda, GD900 ni pesti inayofanya kazi kwa deskitopu za mtumba. Shule yenye mashine thelathini za kizamani itafanya vizuri kununua kopo la gramu 30 la GD900 na kuzipaka zote, kuliko kununua sirinji moja ya bei kubwa na kuzipaka chache tu.

Za daraja la kati ni Arctic MX-4, Arctic MX-6, Noctua NT-H1, na za Cooler Master au Thermalright. MX-4 ilitoka mwaka 2010 na bado inauzwa. Mtengenezaji anadai inakaa miaka 8. Noctua wanashauri NT-H1 isikae kwenye prosesa zaidi ya miaka 5. Hizi zote hazipitishi umeme, na hiyo ni sifa ya kutazamwa kwanza. Tone likidondoka kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), unalifuta na maisha yanaendelea.

Arctic Silver 5, yenye chembechembe za fedha, ilikuwa na jina kubwa zamani. Haipitishi umeme moja kwa moja, lakini mtengenezaji mwenyewe anatahadharisha isigusane na pini na nyaya za mazabodi, na inahitaji hadi saa 200 za matumizi ili ikae sawa. Leo hakuna sababu ya kuihangaikia.

Kisha kuna metali ya maji, mchanganyiko wa galiamu. Namba zake ni kubwa, 70 na zaidi. Tunasema wazi: iache. Inapitisha umeme, tone moja kwenye mazabodi ni mazabodi iliyokufa. Na galiamu inakula alumini. Inaingia ndani yake hadi chuma kinakuwa dhaifu na kumeguka. Hitisinki nyingi za kompyuta za mtumba ni za alumini tupu.

Kwa laptopu kuna kitu kingine kizuri zaidi kuliko pesti nyingi: karatasi ya Honeywell PTM7950. Ikiwa baridi ni ngumu kidogo kama nta. Joto likifika takriban nyuzi 45 inalainika, inatandazika na kujaza mabonde. Inauzwa kama kipande chembamba unachokikata kwa mkasi kulingana na ukubwa wa silikoni. Faida yake iko kwenye kudumu. Laptopu inapopata joto na kupoa, kupata joto na kupoa, silikoni na shaba hutanuka kwa viwango tofauti na kuisukuma pesti pembeni kidogo kidogo, mpaka katikati kunabaki patupu. Pesti nyepesi, hata ya namba kubwa, inaweza kusukumwa nje ndani ya miezi. Karatasi hii inang'ang'ania. Ukikosa PTM7950, chagua pesti nzito kama MX-6 kwa laptopu, usichukue ile inayotiririka.

Kusoma lebo dukani

Shika sirinji mkononi na utafute vitu vinne. Kwanza, neno linaloonyesha kwamba haipitishi umeme: "non-conductive" au "electrically insulating". Pili, uzito kwa gramu, si urefu wa sirinji. Kuna sirinji ndefu yenye gramu 1 ndani. Tatu, kifuniko cha ncha kiwe hakijafunguliwa. Nne, na hili ndilo linaloumiza watu, hakikisha hakuna neno "plaster" wala "adhesive". Kuna bomba dogo jeupe linaloitwa Stars-922, limeandikwa "heatsink plaster", na linawekwa rafu moja na pesti. Hiyo ni gundi. Ilitengenezwa kubandika vipande vidogo vya hitisinki visivyo na skrubu. Ukiipaka kwenye prosesa ikakauka, siku ya kufungua utang'oa prosesa pamoja na hitisinki, pengine na soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye mazabodi.

Rangi haisemi kitu. Pesti ya rangi ya dhahabu haina dhahabu, ya kijivu haimaanishi ina fedha. Namba ya W/mK itumie kutofautisha makundi, 1 na 4 na 8, usiitumie kulinganisha 8.5 na 9. Kila kampuni inapima kwa njia yake.

MX-4 ni moja ya zinazoghushiwa sana. Bandia mara nyingi inajitambulisha yenyewe: maandishi ya lebo yana ukungu, pistoni ya sirinji ni legevu, na ukitoa tone linatoka jepesi kama losheni au lina mafuta yaliyojitenga. Paka tone dogo kwenye kioo, liache kwenye kivuli hadi kesho. Likiwa na duara la mafuta kuzunguka, usiliweke kwenye laptopu. Ila kuwa mwangalifu kutofautisha: pesti halisi iliyosafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam kwenye buti ya basi lenye joto inaweza pia kutoa mafuta kidogo kwenye ncha. Sukuma tone la kwanza ulitupe, kisha utazame linalofuata. Likiwa zito na la rangi moja, pesti ni nzima.

Ukiinunua usiihifadhi kwenye rafu inayopigwa na jua wala juu ya kabati chini ya bati. Funga kifuniko, iweke droo ya chini, ncha ikitazama chini.

Ipi kwa mashine ipi

Deskitopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel i3 au i5 ya wati 65 au chini: GD900 au MX-4. Usitumie pesa zaidi ya hapo.

Deskitopu ya kuhariri video au gemu, wati 105 na kuendelea: MX-4, MX-6 au NT-H1. Pesa iliyobaki ipeleke kwenye hitisinki kubwa au feni ya pili, maana huko ndiko kwenye nyuzi kumi.

Laptopu: PTM7950, au MX-6.

Hitisinki mpya ya kwenye boksi la Intel au AMD tayari ina pesti chini yake, mistari mitatu au mraba wa kijivu. Inatosha. Usiongeze nyingine juu yake. Ikiwa imeguswa na vidole au vumbi, ifute yote na uanze upya. Na hitisinki nyingine huja na plastiki nyembamba inayong'aa kwenye uso wake, iondoe. Kuna mashine zinazochemka tangu siku ya kwanza kwa sababu ya plastiki hiyo tu.

Kufungua bila kuvunja

Washa mashine kwa dakika kumi kwanza ili pesti ya zamani ilainike, kisha izime, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki iishe. Kwenye laptopu chomoa betri pia.

Prosesa za AMD za soketi ya AM4 zina pini 1,331 chini ya prosesa yenyewe, na soketi haizishiki kwa nguvu. Ukivuta hitisinki juu moja kwa moja, prosesa inatoka imening'inia chini yake na pini zinapinda. Fungua skrubu, kisha zungusha hitisinki kushoto na kulia taratibu kama unayefungua kifuniko cha chupa, hadi ulegee mnato, ndipo uinue. Laza kasha kabla ya kufungua skrubu zote, kwa sababu kile chuma cha nyuma ya mazabodi kinaweza kudondoka.

Hitisinki ya Intel yenye miguu minne ya plastiki: zungusha kila mguu robo mzunguko kufuata mshale, kinyume cha mwendo wa saa, halafu uvute juu. Kabla ya kurudisha, zungusha yote irudi mahali pake. Ukisahau mmoja hautashika.

Laptopu nyingi zina namba 1, 2, 3, 4 zilizochapwa kando ya skrubu za hitisinki. Kufungua anza namba kubwa kurudi ndogo, kufunga anza ndogo. Legeza kidogo kila moja kwa zamu, usimalize moja kabla ya nyingine.

Kusafisha

Inayofaa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kwenye maduka ya dawa utapata kwa urahisi spiriti ya asilimia 70. Inafanya kazi, ila karibu theluthi ni maji, kwa hiyo iache ikauke dakika tano hadi kumi. Epuka spiriti yenye rangi, na ile ambayo ukiisugua vidoleni inaacha utelezi; inabakiza tabaka la mafuta ambalo pesti mpya haitashika vizuri. Petroli na tina vinaharibu plastiki.

Pamba ya hospitali haifai, hata kama tuko kwenye nchi ya pamba. Inaacha nyuzinyuzi ndogo ambazo ni nene kuliko tabaka la pesti lenyewe. Tumia kipande cha fulana ya zamani iliyofuliwa au kitambaa cha kufutia miwani.

Ukoko mgumu usiukwangue kwa bisibisi wala kisu. Weka kitambaa chenye spiriti juu yake kwa dakika mbili, kisha sukuma kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Futa kutoka nje kwenda katikati, usije ukasukuma uchafu kwenye soketi. Rudia na kipande kisafi hadi kitambaa kisichukue rangi tena. Baada ya hapo usiguse kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanabaki.

Kiasi na namna ya kupaka

Kwa prosesa ya deskitopu yenye kifuniko cha mraba, weka tone moja katikati la ukubwa wa punje ya choroko, kipenyo cha milimita 4 hadi 5. Tone la milimita 5 lina ujazo wa karibu milimita za ujazo 65, na kifuniko cha sentimita 3 kwa 3 kwa unene wa 0.05 kinahitaji 45. Linatosha na kubaki. Usilitandaze, mkandamizo wa hitisinki utalitandaza bila kunasa hewa. Sirinji ya gramu 4 inapaka deskitopu zaidi ya kumi, hata ukihesabu na inayopotea.

Prosesa za Intel za soketi ya LGA1700 ni za mstatili. Zipake mstari mmoja kwenye upande mrefu, urefu wa milimita 20, upana wa 2 au 3. Ryzen, prosesa za AMD, za soketi ya AM5 zina kifuniko chenye mapengo pembeni. Hapo weka tone la katikati na manne madogo karibu na pembe, madogo kweli, yasije yakamwagikia kwenye mapengo.

Kwa laptopu, kiasi ni punje ya mchele, na hapa utandaze kwa kadi ya plastiki mpaka silikoni yote ifunikwe, kwa sababu kila milimita isiyofunikwa inachemka peke yake. Zile pedi laini za kijivu au buluu zilizoko juu ya memori na vipande vingine usizibadilishe kwa pesti. Zinajaza pengo la nusu milimita hadi milimita moja na nusu, na pesti haiwezi kusimama kwenye pengo hilo. Kama zimechanika, nunua pedi ya unene uleule. Nene zaidi itainua hitisinki na kuiachanisha na prosesa.

Kufunga

Shusha hitisinki wima, mara moja. Ukiiweka vibaya ukainyanyua, hewa imeshaingia; futa na upake upya.

Skrubu zifungwe kwa msalaba: moja mizunguko miwili, nenda ya pembe ya mkabala mizunguko miwili, kisha zile nyingine mbili, rudi tena. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, hitisinki inainama na pesti yote inakimbilia upande mmoja. Ile miguu ya Intel ibonyeze miwili ya mkabala kwa pamoja hadi isikike "tik", kisha mingine miwili. Tazama nyuma ya mazabodi: ncha nne zote ziwe zimetokeza na kupanuka. Mguu mmoja usiopenya ndilo kosa tunaloliona kuliko yote, na mwenye mashine hulaumu pesti. Miguu ya hitisinki iliyozeeka huvunjika. Ikilegea, nunua hitisinki nyingine, usiifunge kwa waya.

Chomeka waya wa feni kabla ya kuwasha.

Kupima

Pima joto la chumba kwanza. Kisha weka programu ya kusoma joto, HWiNFO au Core Temp kwenye Windows, au amri ya sensors kwenye Linux, na uipe prosesa kazi nzito kwa dakika 15 hadi 20 kwa Cinebench au Prime95.

Angalia jinsi joto linavyopanda, maana mwendo wake unaeleza kosa liko wapi. Likiruka hadi nyuzi 95 au 100 ndani ya sekunde chache, hitisinki haijagusa: mguu haujapenya, plastiki imebaki, au pesti haikufika. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa na kuendelea kupanda, pesti iko sawa na tatizo ni hewa: vumbi, feni dhaifu, kasha limebanwa ukutani. Ikiwa kiini kimoja cha prosesa (core) kinazidi vingine kwa nyuzi 15 au zaidi, hitisinki imeinama. Fungua uikaze upya kwa msalaba.

Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100. Ryzen za mfululizo wa 5000 nyingi hufanya hivyo kwenye 90, na za 7000 zimetengenezwa kufanya kazi hadi 95, kwa hiyo usishtuke kuona Ryzen mpya ikikaa hapo wakati wa kazi nzito. OptiPlex ya wati 65 kwenye chumba cha nyuzi 29 ikitulia kati ya 65 na 80 chini ya mzigo wote, kazi imekwisha. Andika namba hiyo pamoja na joto la chumba na tarehe kwenye karatasi ndogo, uibandike ndani ya kasha.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia lini upake tena. Kila baada ya miezi sita puliza vumbi, pima kwa programu ileile, toa joto la chumba, linganisha. Tofauti ikiongezeka kwa nyuzi 10 baada ya vumbi kuondolewa, fungua. Kwa deskitopu mara nyingi hiyo ni miaka mitatu hadi mitano. Laptopu yenye pesti ya kawaida, inayofanya kazi kutwa nzima chini ya bati, inaweza kuwa mwaka mmoja na nusu.